Sedani yenye mbio iliyotumika: M5 E60, C63 W204 au Lexus IS F? Tushauriane kabla hela haijatoka

#1 Mtu wa Kibaha (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke, ila wenye uzoefu naomba mnisome mpaka mwisho. Hela ninayoizungumzia ni ya jasho, na ikishatumwa Japani ndiyo imekwenda.

Miaka yote nimeendesha Toyota za kawaida za kwenda kazini na kurudi. Zimenitunza, sina ugomvi nazo. Lakini tangu ujana napenda zile sedani zenye injini kubwa ambazo kwa nje hazijitangazi. Milango minne, buti la kuingia mabegi ya familia, viti vya ngozi, halafu chini ya boneti kuna mashine ya kwenda nayo kwenye mashindano. SUV sitaki. Milango miwili siwezi, nina watoto. Nataka gari ambayo Jumamosi alfajiri naitoa Kibaha, tukifika Chalinze naikata kulia kuelekea Segera na Moshi, na tunafika hakuna aliyechoka.

Mchujo wangu umebakiza tatu.

Ya kwanza ni BMW M5 E60, iliyotengenezwa 2005 hadi 2010. Hii ndiyo yenye V10 ya lita 5.0, farasi 507, na inazunguka mpaka 8,250 kwa dakika. Sedani ya familia yenye silinda kumi! Mpya ilikuwa inauzwa Ujerumani kuanzia euro 86,200. Leo kwenye minada ya Japani unaipata kwa hela ambayo hapa mtu ananunulia Toyota ndogo ya juzi juzi.

Ya pili ni Mercedes C63 AMG ya umbo la W204. V8 ya lita 6.2 isiyo na turbo, farasi 457, mvuto wa Nm 600. Injini inafungwa na mtu mmoja kule Affalterbach na anaibandika kibao chenye saini yake. Sauti yake mliowahi kuisikia mnajua.

Ya tatu ni Lexus IS F, 2007 hadi 2014. V8 ya lita 5.0, farasi 423, gia nane. Haina jina kubwa kama hizo mbili. Wengi wakiiona wanadhani ni IS 250 iliyofungwa bampa la urembo. Kwangu mimi hilo ni jambo zuri.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Nimekaa na kikokotoo cha TRA. Magari yote matatu yana zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo ada ya uchakavu inakuhusu, na yote yanapita cc 2,000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni ule wa juu. Tuseme TRA wameithamini gari kwa milioni 40 mpaka bandarini. Kumbuka wanaangalia thamani iliyo kwenye mfumo wao, ankara yako wewe haiwashughulishi. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni milioni 10, tumefika 50. Juu ya hiyo 50 weka asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa, milioni 5, na asilimia 30 ya uchakavu, milioni 15. Tumefika 70. VAT asilimia 18 ya 70 ni milioni 12.6. Yaani kodi milioni 42.6 kwa gari ya milioni 40, na bado hujalipa tozo ya reli, usajili, wakala na bima kubwa.

Hilo nimelikubali. Linaloninyima usingizi ni baada ya hapo. Bei ya gari inashuka kila mwaka, bei ya spea haishuki. M5 ya milioni 40 ukiipeleka gereji inadai breki, shokapu na tairi za gari ya euro 86,200. Tairi za nyuma za E60 ni 285/35 inchi 19, za mbele 255/40. Nimezunguka maduka ya tairi, size hiyo si ya kuikuta popote, na ukiipata hulipi bei ya tairi ya kawaida.

Mafuta nayo. Mjini na foleni zetu nimeambiwa nihesabu kilomita 5 kwa lita moja. Nikitembea kilomita 1,000 kwa mwezi ni lita 200. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, laki sita kila mwezi, na kila Jumatano ya kwanza ya mwezi unasubiri EWURA, wale wanaopanga bei ya mafuta, waseme lao. Hiyo naimudu kwa sababu kazini nitaendelea kwenda na gari yangu ya sasa.

Maswali yangu: ipi kati ya hizi tatu inaweza kuishi Tanzania, kwa mafuta yetu, mafundi wetu na matuta yetu? Je, kuna injini hapo ambayo nikiinunua nimejinunulia kesi? Na mnaposema "kagua vizuri", mnakagua nini hasa?

Nawasikiliza.

#2 Mwana Tegeta

Chukua Crown Athlete 3.5, farasi 315, spea kila kona, fundi yeyote anaijua. Au Mark X 3.5, farasi 318. Ukipigwa tochi faini ni ile ile elfu 30 ya mwenye M5. Hapa hapa Morogoro Road kila kijiji ni 50, hizo 507 unazipeleka wapi?

#3 Mtu wa Kibaha

Mkuu nakuheshimu, na Crown 3.5 ni gari ya maana sana, nimeiendesha ya ndugu yangu. Lakini nikitaka usafiri tu ningebaki na nilichonacho. Mwingine hela yake ya ziada anaweka kwenye ng'ombe, mwingine kwenye boti ya kuvulia. Mimi ni injini. Tochi zipo na 50 naiheshimu, maana kwenye hivyo vijiji kuna watoto wa watu wanavuka barabara. Ninachokitafuta ni ile nguvu ya kulipita lori la mizigo kwa sekunde chache na kurudi upande wangu salama, na ufundi wa kitu kilichotengenezwa kwa moyo.

#4 Fundi wa Gerezani

Mkuu umeuliza swali zuri, nitajibu kwa urefu kwa sababu injini za aina hii watu wanaziua kwa kutojua.

Naanza na V10 ya M5, S85. Ugonjwa wake mkubwa ni beringi za koni rodi, zile zinazokaa kati ya mikono ya pistoni na kranki. Nafasi kati ya beringi na kranki ni ndogo sana, oili yake ni nzito, 10W-60, na injini inazunguka juu mno. Mwenye gari akiwasha asubuhi na kuikanyaga kabla oili haijapata moto, beringi zinakwanguka taratibu. Haitoi taarifa. Inakwenda vizuri mpaka siku inanoki, na ikinoki kranki na rodi vinaenda pamoja, mara nyingine na bloku. BMW wenyewe waliweka onyo pale kwenye dashibodi: ukiwasha gari ya baridi, kwenye mshale wa mizunguko kuna taa za njano zinazoziba sehemu ya juu, na kadiri oili inavyopata moto zinazimika moja moja na kukuachia mizunguko zaidi. Dereva asiyejua maana ya zile taa ameendesha gari hiyo miaka mingapi kabla yako? Hilo karatasi la mnada halikwambii.

Beringi zinabadilishwa kwa kuingia chini, unashusha sampu, lile bakuli la oili la chini, injini inabaki mahali pake. Kwenye M5 hiyo ni huduma ya kawaida kama mkanda wa taimingi kwenye gari nyingine. Asiye na risiti ya kazi hiyo, wewe hesabu kwamba haijafanyika.

Bado kuna SMG, ile gia boksi ya gia saba. Ndani ni klachi moja ya kawaida inayobanwa na pampu ya haidroliki badala ya mguu wako. Kwenye foleni ya Ubungo klachi inaungua, na pampu ikichoka gia zinagoma kuingia. Kuna mota mbili za kufungua throto, yaani milango ya hewa ya injini, zenye meno ya plastiki yanayolika. Kuna VANOS, mfumo wa BMW wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, inayotegemea oili ya presha kubwa. Kila kimoja kinatengenezeka, lakini vikija mwaka mmoja ni bei ya gari nyingine.

C63, injini M156. Ya kwanza ni bolti za silinda hedi. Za miaka ya mwanzo zilikuwa zinaoza, zinakatika, maji yanaingia kwenye silinda. Baadaye Mercedes walibadilisha bolti zenyewe, kwa hiyo ukiipenda tafuta ya 2012 kwenda mbele uwe na amani, na hizo za baadaye zina gia bora zaidi vilevile, ile ya klachi za kuogelea kwenye oili. Ya pili ni kamshafti na lifta zake, zinalika. Ukiiwasha ya baridi ukasikia mlio wa kugonga ambao haupotei, ondoka.

IS F, injini 2UR-GSE. Hii ni ya ukoo wa UR, ndugu za V8 ya petroli ya Land Cruiser 200. Ninachokijua kibaya ni kuvuja maji kwenye bamba lililo katikati ya V, chini ya menifoldi. Kulifikia ni kazi ya kufungua juu yote, lakini ni kazi ya gasketi na muda, injini haifi kama umewahi. Pampu ya maji nayo. Bushi za mikono ya mbele zinachoka kama gari yoyote, na umbo lake ni la IS ya kawaida kwa hiyo vitu vingi vya chini unavipata hapa hapa mjini. Gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida yenye konveta, inavumilia foleni.

Umeuliza tunakagua nini hasa. Gari ikifika kwangu sitaki iwe imewashwa. Naweka mkono juu ya kava la injini kwanza, lipo baridi au muuzaji ameipasha moto kabla hujaja? Halafu nawasha nikiwa nimesimama mbele, boneti wazi, na mtu mwingine kwenye usukani asiguse mafuta. Dakika ya kwanza ya injini ya baridi inasema mengi kuliko safari ya saa nzima.

Baada ya hapo namwaga oili na kutoa chujio. Zote hizi tatu zina chujio la karatasi. Nalikata, naikunjua ile karatasi mkunjo kwa mkunjo juu ya kitambaa cheupe, natoka nayo juani. Oili nyeusi hainitishi. Naangalia vinavyometameta. Vumbi dogo la fedha kama la kalamu ya risasi linaweza kusamehewa. Vipande vyenye rangi ya shaba unavyoweza kuvishika kwa ncha ya kucha, hiyo ni beringi inakuaga. Kwenye S85 nikiona hivyo, mteja wangu hatoi hela siku hiyo.

Muuzaji akikataa usimwage oili, umeshapata jibu.

#5 Mpenda V10

Fundi ameongea ukweli mtupu na mimi simpingi hata neno moja. Nina E60, ninaishi nayo Arusha, na nataka mwanzisha uzi asikie upande wa aliyeivumilia.

Nilibadilisha beringi mapema kabla haijalia chochote, kwa ushauri wa watu wanaozijua. Zilipotoka, pea mbili zilikuwa zimeshaanza kuonyesha shaba. Tangu hapo oili namwaga kila kilomita 5,000, sijali kitabu kinasema ngapi. Gereji moja niliwahi kuiacha kwa huduma wakaweka oili nyepesi ya kawaida kwa sababu 10W-60 hawakuwa nayo, na hawakuniambia. Bahati niliiona chupa tupu kabla sijawasha. Toka siku hiyo oili naibeba mwenyewe, nasimama pale inapomiminwa.

Lakini mkuu, ukiiwasha, inakuja na farasi 400 tu. Zilizobaki zipo nyuma ya kitufe cha M kwenye usukani. Ukibonyeza, throto zote kumi, moja kwa kila silinda, zinabadilika tabia. Kuanzia 5,000 kwenda juu inaanza kulia sauti ambayo sijaisikia kwenye sedani yoyote, kabla yake wala baada. M5 iliyofuata, F10, ilikuja na V8 ya turbo, farasi 560, ina nguvu kuliko hii, lakini hiyo sauti haikurudi tena.

Tenga hela ya matengenezo iliyo sawa na nusu ya bei uliyonunulia, iwe benki siku unayoitoa gari bandarini. Kama huwezi kutenga, usiinunue, hata ukipewa kwa bei ya bure.

#6 Karani wa Bandari

Kaka zangu habari. Mimi kazi yangu ni karatasi, magari naletewa na watu kama nyinyi kila wiki, naomba niongeze ya upande wangu.

Kwanza mjue kwa nini hizi gari ni rahisi Japani. Kule kodi ya gari ya kila mwaka inakwenda kwa ukubwa wa injini. Lita 4.5 mpaka 6 mwenye gari analipa yeni 87,000 au 88,000 kutegemea ilisajiliwa lini. Ikivuka lita 6, ni yeni 110,000 au 111,000. C63 ina cc 6,208, kwa hiyo ipo kundi la juu kabisa kwa zile 208 tu. Gari ya petroli ikipita miaka 13, inaongezwa karibu asilimia 15 juu yake. Halafu kuna ule ukaguzi wao wa shaken kila baada ya miaka miwili. Kodi anatozwa anayemiliki gari tarehe 1 Aprili, ndiyo maana Februari na Machi watu wanazitoa mnadani kwa wingi. Kwa hiyo gari kuuzwa rahisi haimaanishi lazima ina ugonjwa, mara nyingine mwenyewe amechoka kodi. Ila aliyechoka kodi huwa ameshachoka na matengenezo pia, hilo mliweke akilini.

Pili, karatasi ya mnada. Msikubali picha za muuzaji peke yake, dai karatasi yenyewe. Alama 4.5 na 4 ni nzuri, 3.5 angalia maelezo, R ni gari iliyogongwa ikarekebishwa mwili. Ndani ya gari wanapima kwa herufi, A mpaka D. Kwenye mchoro ukiona W ni pamenyooshwa na kupakwa rangi, XX ni paneli imebadilishwa. Maelezo ya mkono ya mkaguzi yaliyo pembeni ndiyo yana siri zote, tafuta mtu anayesoma Kijapani akutafsirie kila mstari. Kwenye gari za mbio utakuta wameandika ekzosi si ya kiwandani, shokapu zimeshushwa, kompyuta imechezewa. Gari iliyochezewa kompyuta mimi ningeiacha.

Tatu, kilomita. Cheti cha kuondoa gari kwenye usajili kwa ajili ya kuisafirisha kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Linganisha na karatasi ya mnada na picha ya dashibodi. Vitu vitatu visipokubaliana, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Nne, jamani, usukani. Kule Japani Mercedes na BMW za mbio nyingi ziliingia na usukani wa kushoto kwa sababu wenyewe wanaona ni ufahari. Picha ya nje haikuonyeshi. Nimeona mtu mzima anashika kichwa pale bandarini.

#7 Mkaazi wa South B

Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi wa Bongo mna bahati, hata kama mnalia na hiyo ada ya uchakavu. Huku kwetu gari ikishapita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza haiingii kabisa. E60, W204 na IS F zimetoka kwa orodha kitambo, na F10 vilevile. Ukizitaka ni zile ziliingia zamani, unatafuta mwenyewe anayeuza. Na ukileta mpya kidogo yenye petroli ya zaidi ya cc 3,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 35.

Lakini hiyo imetufunza kitu. Huku tunanunua mwenye gari kabla ya kununua gari. Nataka kujua amekaa nayo miaka mingapi, fundi wake ni nani, risiti ziko wapi. IS F ambayo imekaa Nairobi miaka sita na mtu mmoja, bushi zimebadilishwa, bamba la maji limefanywa, mimi naichukua mbele ya ile imetoka meli jana na karatasi safi. Imeshaonja barabara zetu na mafuta yetu. Mwanzisha uzi umeuliza soko la ndani Dar kweli? Ama umeenda moja kwa moja Japani?

Na kama una subira na mfuko unaruhusu, M5 ya F90 ndiyo ilimaliza hayo maneno yote. Farasi 600, inavuta magurudumu yote manne, na gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nane. Hiyo unapita nayo kwa mvua ya Mombasa Road bila wasiwasi.

#8 Msafiri wa Sharjah

Niko huku Emirates. Suala la spea: kwenye yale maeneo ya viwanda ya Sharjah kuna uwanja baada ya uwanja wa spea za kukata, AMG na M zimejaa, maana waliokuja nazo huku walikuwa wengi na joto likazishinda. Injini nzima, gia boksi, milango, viti, vyote vipo. Lakini zingatieni kwamba gari za huku ni usukani wa kushoto. Injini na gia boksi ni zile zile, ila steringi boksi, dashibodi na taa za mbele haziwafai, taa za huku zinamulika upande usio wenu.

Na injini ya M5 iliyokatwa huku ina zile zile beringi alizozisema fundi. Ukimnunulia mtu injini ya hapa kwenda kuokoa iliyonoki, fungua sampu yake kwanza ingali chini, ni rahisi kuliko ikiwa tayari imefungwa ndani ya gari. Kwa Lexus, V8 za ukoo huo zinatoka kidogo kwa sababu hazifi haraka, na ukiipata wenyewe wanajua thamani yake.

#9 Mwana Tegeta

Fundi, na petroli yetu? Hizo injini si zinataka ile ya juu?

#10 Fundi wa Gerezani

Swali la msingi mkuu. Zote tatu zinakandamiza hewa na mafuta ndani ya silinda zaidi ya 11 kwa 1, na S85 ndiyo kubwa zaidi, 12 kwa 1. BMW wanashauri petroli ya oktani 98 kwa hiyo V10, na 95 wanasema inavumilika. Kompyuta inasikia injini ikigonga na inarudisha nyuma moto wa plagi, kwa hiyo haitakufa kesho, ila zile 507 huzipati zote, na kwenye joto la Dar na tangi la mafuta yaliyochakachuliwa usiikanyage. Jaza kituo kimoja unachokiamini, chenye magari mengi, maana mafuta yao hayakai kwenye tangi wiki na wiki. IS F inatulia zaidi kwenye hili. Tena ile ina sindano za aina mbili, zinazopuliza ndani ya silinda na zinazopuliza kwenye njia ya hewa, kwa hiyo valvu zake hazishiki masizi kama injini za turbo za siku hizi.

#11 Mtu wa Kibaha

Wakuu, nimesoma kila jibu zaidi ya mara moja, na mama watoto nimemsomea pia. Asanteni kutoka moyoni.

C63 naiondoa. Siyo kwamba ni mbaya. Za 2012 kwenda juu ambazo fundi amezishauri zinapita bajeti yangu nikishaweka kodi, na za mwanzo sizitaki kwa sababu ya bolti. Kununua ya bei nafuu huku najua ugonjwa wake ni kujitafutia.

M5 imeniuma. Mpenda V10, ulichoandika kuhusu kitufe cha M nimekiota. Lakini sharti lako la nusu ya bei iwe benki nimelipima. Ninaweza kununua au ninaweza kutenga, vyote viwili kwa pamoja siwezi mwaka huu bila kugusa ada za shule, na ada za shule haziguswi. Kwa hiyo hapana, kwa sasa.

Nabaki na IS F. Nitatafuta ya 2010 kwenda mbele kwa sababu kuanzia hapo ziliwekewa difu ya Torsen inayogawa nguvu vizuri kwenye magurudumu ya nyuma, na nimesoma kwamba za mwanzo zilikuwa ngumu sana mpaka zinaumiza mgongo. Tairi zake 225/40 na 255/35 inchi 19 nimeshaulizia, zinapatikana. Nimeshatenga hela ya bamba la maji, pampu, bushi zote za mbele na breki kabla hata sijaiona gari, kwa kudhani kwamba vyote vimekwisha. Ikija vizima, hela itakaa.

Ndugu yangu wa South B, soko la ndani sikuwa nimelipa uzito. Kuna moja ipo Mbezi Beach, mwenyewe ameiingiza zamani na amekaa nayo. Anataka hela nyingi kuliko gari ya mnadani kabla ya kodi, lakini nikipiga hesabu mpaka namba ya usajili, pengo ni dogo kuliko nilivyodhani, na kodi yake imeshalipwa. Anasema risiti anazo kwenye bahasha. Nimemuuliza kama atakubali tumwage oili na kukata chujio, akacheka, akasema nije na oili yangu na chujio jipya la kurudishia.

Fundi, hilo jibu limenipa moyo. Jumamosi hii una nafasi? Nimemwomba asiiwashe tangu Ijumaa jioni. Tukutane saa moja asubuhi, nitakuja na chujio, oili na kitambaa cheupe. Dada wa bandari, nikimaliza nitakuomba unisaidie kuangalia kadi ya gari na nyaraka za kuingilia kama zinalingana na namba ya chesesi, gharama yako utaniambia.

#12 Fundi wa Gerezani

Nipo. Njoo na tochi ya mkononi na kioo kidogo, lile bamba la maji lipo ndani sana, ila ukimulika kwa nyuma ya menifoldi utaona kama kuna rangi ya pinki iliyokauka. Na mwambie asilioshe injini.